Tele na Mfuto

Kitsao wa dawati la nyuma aliinua mkono:
"Mwalimu, ni haba ngapi hujaza kibaba?"
Darasa likacheka. Mimi sikucheka.
Ubaoni nilikuwa nimeandika, chaki ikikwaruza,
kutoka kikubwa kwenda kidogo, zidisha,
kutoka kidogo kwenda kikubwa, gawanya.
Lita moja, mililita elfu.
Kilomita moja, mita elfu.
Kengele ikalia. Ikaniokoa.

Nyumbani, Kuze, daftari la marehemu baba
lilikuwa juu ya cherehani, limefunikwa leso.
Kaka yangu Twalibu ataka hesabu kabla ya arubaini:
nani adaiwa nini, kwa kilo, kwa shilingi,
urithi ugawanywe.
Lakini baba hakuandika kilo hata siku moja.
Aliandika kwa herufi za Kiarabu,
nyembamba kama miguu ya sisimizi:
wakia sita za iliki, Mwinyihaji;
ratili mbili na nusu za bizari, yule mpishi wa Bondeni
(jina hakulijua, au alilisitiri);
Bi Mwanatumu, Mwembe Kuku, mchele,
pishi tatu, mfuto.

Nikakaa na kalamu.
Vibaba viwili, kisaga. Visaga viwili, pishi.
Kibaba kimoja, karibu robo tatu ya kilo.
Karibu!
Neno hilo nikilikuta kwenye daftari la mtoto
hulipigia mstari mwekundu.
Pishi tatu, vibaba kumi na viwili, kilo tisa.
Nikaandika tisa.
Ikakaa pale peke yake, safi,
haina hata harufu ya duka.

Jumamosi baada ya alasiri nikapita Mwembe Kuku.
Bi Mwanatumu aliishika karatasi yangu mbali na macho,
kisha karibu na macho,
kisha akanirudishia kama chenji iliyozidi.
"Huyu Kilo simjui," alisema.
"Hajapata kuwa jirani yangu."
Akaingia ndani, akatoka na kibaba cha mti,
mdomo wake umesuguliwa na viganja hata ukang'aa.
Akachota guniani. Mchele ukapanda,
ukavuka mdomo, ukasimama juu kama kofia,
punje zikateleza mkekani.
"Bi, daftari lasema mfuto,"
nikasema, nikaionea haya sauti yangu ya darasani.
Hakunitazama.
"Babako alinipimia tele, akaandika mfuto.
Mume wangu alikuwa kalazwa Makadara mwaka ule.
Mimi nilikuwa nimesimama papo hapo, na kusoma najua.
Sasa weye, mwalimu,
wataka la daftari au la kibaba?"

Nikatafuta jedwali kichwani.
Kati ya mfuto na tele hamna jedwali.
Ni konzi moja, labda. Konzi ya nani?
Baba alikuwa na mikono ya kubebea magunia;
mimi pete zangu nanunua za watoto.
Nikamwambia, nifutie. Akakataa.
Nikamwambia, basi tugawane, nusu.
"Nusu ya nini?" akauliza, na alikuwa akiuliza kweli,
kibaba mkononi, akingoja nimjibu.

Niliondoka na pishi tatu za tele ndani ya kiroba,
bega likinichoma mpaka Kuze.

Twalibu alikuwa mlangoni na mizani ya betri.
Akakitundika kiroba, akasubiri tarakimu zitulie.
"Kumi na nukta nne. Umekosea hesabu."
Nikasema, ndiyo, nimekosea.

Ile kilo moja na nukta nne tuliipika usiku ule ule,
tukaila kwa mchuzi wa papa.
Haikuingia kwenye urithi.
Twalibu aliongeza sahani mara mbili
wala hakuuliza imetoka wapi.

Jumatatu Kitsao ataniuliza tena. Namjua.
Nitamwambia anyooshe kiganja,
tuone chake kinashika ngapi.