Kuazima

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na nusu,
juu ya duka la misumari na saruji, mtaa wa Kiusa,
tulikuwa saba, viti sita.
Mahrokh alikalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
akasema rangi ni rangi hata kwao Yazd,
neno lile lile, halijabadili hata shati.

Mwalimu Ndelilio na kikohozi chake cha chaki:
Kondoo, akasema. Meli.
Kwa kondoo vuta sauti, kwa meli ikate.
Tukawapakia kondoo ndani ya kondoo,
tukang'oa nanga,
mpaka mwenye duka akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Jikoni na kuku vilituangusha wote.
Kiingereza changu kilisema nimeichinja jikoni
nikaipika ndani ya kuku.
Mahrokh alicheka akishika mbavu, kisha akapoa:
kwao kuku ni mayai, giligilani, majani ya vitunguu,
mama yake huyakaanga mwaka wao mpya, mwezi wa tatu,
na hakuna wa kunyonyolewa manyoya.

Tena alituambia, kwa lugha yao
kujifunza ni kuchukua kumbukumbu,
kufundisha ni kutoa kumbukumbu.
"Basi Mwalimu akitoka hapa jioni," aliuliza,
"anabakiwa na nini?"
Mwalimu aliitazama chaki iliyobaki, kipande cha kucha,
akaitia mfukoni.

Aprili. Mvua juu ya bati, umeme hakuna.
Zoezi: mweleze mtu umpendaye.
Mahrokh akasimama, akaanza na Golnar, dada yake:
anavyopenda ndimu kwa chumvi,
anavyoendesha gari kama anafukuzwa.
Ila kila sentensi alimvika suruali,
akamvua, akamvika gauni,
akamrudishia suruali.
Mwalimu alimkatiza mara tatu.
Ya nne nikasema bila kunyoosha mkono:
Mwalimu, hata mimi nimemwita mume wangu mwanamke
mbele ya afisa mikopo, na mkopo nikanyimwa.
Kwetu ni yeye, basi.
Kwao nako ni neno moja, dogo,
mdomo unakaa kama wa kupuliza mshumaa.

"Na wakati," Mwalimu akasema taratibu,
"wakati nao umekosea. Anapenda, au alipenda?"
Mahrokh akakaa kwenye ndoo yake.
Akajibu kwa Kiswahili cha soko la Mbuyuni,
kile cha kupunguziwa bei ya nyanya:
"Yeye amekufa."
Sentensi haikuwa na kosa.
Mvua ikasahihisha yaliyobaki.

Kilichonishinda mimi ni kuazima.
Mwingereza ana neno la mkono unaotoa
na neno jingine la mkono unaopokea,
na Mahrokh kwao wanayo yote mawili, hakusumbuka.
Mimi naazima, ninaazima, nimeazima,
ni nani anadaiwa mtajua wenyewe.
Alikuja kibandani kwangu Majengo kuchukua mkasi,
akaigusa cherehani kwenye gurudumu lake:
charkh, akasema, charkh,
kama mtu aliyemwona jirani wa zamani ng'ambo ya barabara.
Jioni ile mimi nikaondoka na daftari lake.

Alifaulu. Hospitali fulani Dodoma ikampa kazi
ya kuwafundisha watu kutembea upya.
Mimi nilipata hamsini na moja.
Mkasi aliurudisha kabla ya basi, umenolewa,
umefungwa kwa kitambaa.
Daftari sikulirudisha. Au hakulidai.

Linafunguka kwa upande ninaouita nyuma.
Ukurasa wa kondoo na meli
amechora kondoo mwenye kofia ya nahodha,
na chini yake kuna neno moja la mwandiko wa kwao,
lina ndoano mwanzoni, nukta tatu juu.
Sijampelekea mtu anisomee.
Juzi, mteja akichelewa,
nililipima kwa futi ya kushonea:
inchi moja na robo.