Umeangusha

Taa za Buguruni, saa mbili asubuhi.
Kioo cha gari kinashuka shubiri moja,
chupa ya maji inatoka,
kioo kinapanda.

Sikudhani anaegemeza fagio,
anaiokota, anaipangusa kwa upindo wa kanga,
anagonga: ngo, ngo.
"Samahani baba, umeangusha."

Hakutukana. Wala hakutaja faini
ya kwenye bango, lile ambalo chini yake
pamelala maganda ya miwa na nepi ya mtoto wa mtu.

Taa nyekundu haina haraka.
Bodaboda wote wamegeuza shingo.
Kutoka kiti cha nyuma, sauti ndogo:
"Si ya kwetu, baba?"

Baba kaipokea kwa mikono miwili,
kama mkwe.

Sikudhani karudi kwenye fagio lake.
Foleni imefika Tazara.