Kerezo la Pongwe

Mnunuzi wa vyuma chakavu alishalipima kwa macho:
kilo mia tisa, bei ya kilo, hesabu kwisha.
Nikaweka elfu hamsini juu ya hesabu yake.
Akanitazama kama mtu anayenunua maiti.

Lilikuwa la kiwanda cha mkonge, kule Pongwe.
Banda limeezuliwa, masika matatu yamelinyeshea,
kuku wametaga ndani ya sinia la mafuta.
Tulilitoa watu saba, magogo ya mnazi chini yake,
Shekalaghe akihesabu, moja, mbili, sukuma,
na trekta la kukodi likatufikisha Gofu usiku.

Mume wangu alifungua mlango, tochi mkononi.
"Hili limekufa."
"Limenyamaza," nikasema.
Hatukuongea tena mpaka asubuhi.

Nilianza na mafuta ya taa.
Nati ya kwanza ilinila siku mbili na spana moja.
Gonga kidogo, paka, ondoka,
kanywe chai, rudi, gonga.
Nati yenye kutu haitaki ubabe:
ukiilazimisha inakukatikia,
na nusu yake inabaki ndani
kama mwiba wa mkonge.

Gia nikazilaza kwenye ndoo ya siki.
Usiku kucha zilitoa povu, zikinong'ona,
kutu ikapanda juu, rangi ya mchuzi wa jana.
Mikono yangu ikanuka damu.
Tunu, mwanangu, akakataa nimmenyee chungwa.

Nilipofikia kitanda cha mashine
nikalaza rula ya chuma, tochi nyuma yake.
Mwanga ukapenya mahali pamoja tu,
karibu na kichwa, urefu wa shibiri mbili.
Pamelika, kama kizingiti cha nyumba yenye watoto wengi.
Hapo ndipo lilipofanyia kazi.
Roli za korona, ekseli za matoroli,
urefu uleule, miaka nisiyoijua,
na mtu amesimama mbele yake.

Chini ya kifuniko cha gia mtu huyo
alikwangua kwa ncha ya tupa:
HIZZA. JUMAPILI TENA.
Basi. Hakuna mwaka, hakuna jina la pili.
Nikakaa sakafuni nikacheka.
Kisha sikucheka.

Fundi Mntambo, aliyenifunza kazi Chumbageni,
akaja kulikagua, mikono nyuma.
"Kipya kinyemi ingawa kidonda," akasema,
"nawe umejitwalia kidonda bila unyemi."
Kisha, kwa sauti ya kazi: peleka kitanda kikasagwe,
kirudi sawa kama kioo.

Nikakataa.
Kutu ni ya waliolitelekeza,
uchakavu ni wa aliyekuwepo.
Kutu nitaifuta, hata chembe sitaiachia.
Bonde hili nitalizoea:
nikifika hapo nitaongeza kina, unywele mmoja,
kama ninavyoinama mlangoni kwa mama
bila kuukumbuka mlango.

Kazi ya kwanza ilikuwa pini ya mashine ya kusaga
ya Bi Mwanamkasi, jirani.
Chuma kikachanika utepe mrefu, ukajiviringa,
wa buluu, wa moto, ukaniangukia kiatuni.
Mume wangu aliuokota ulipopoa.
Hakusema kitu. Aliutia mfukoni.

Sasa adui ni hewa.
Tanga hii upepo una chumvi ya kutosha kupikia.
Kila jioni nafagia vumbi la chuma, nafuta,
napaka oili iliyoyeyushiwa nta ya nyuki,
kwenye skrubu ndefu kwa mswaki wa zamani.
Turubai la nailoni silitaki, linatoa jasho.
Nalifunika blanketi la pamba lililokunywa mafuta,
nalo linalala likinuka kama gereji.

Juzi wageni walikuja, nikasahau.
Asubuhi kidole gumba changu kilikuwa pale kwenye gurudumu,
kimechorwa kwa kutu, mistari yote,
hata kovu la kisu.
Usiku mmoja tu.

Nikachukua kitambaa.