Jasho la Mashine

Umekuja na kinasa sauti na maswali kumi na manne.
Kaa. Msogeze paka. Chai ina limau, sukari imeniishia.
Unataka kujua lile chozi lilikuwa na maana gani.
Mimi nilishika sindano tu; nitakupa la sindano.

Mwaka wa sitini na mbili, hapa hapa Ostrava,
ndani ya kiwanda cha bia kilichofungwa,
tuliujenga mji wa kesho kwa mapipa
na mipira ya kukamulia maziwa tuliyoazima ushirika.
Anga lilikuwa shuka jeusi.
Nyota nilizitoboa mwenyewe kwa msumari,
mia tatu na ushei,
hadi kidole gumba kikafa ganzi.

Hadithi unaijua. Watu hawana muda,
wanauuzia mtambo usingizi wao
ili mchana wao usikatike.
Mtambo unalala kwa niaba ya wote,
unaota ndoto za mji mzima,
na siku wanaporudi kudai chao
hautaki kuamka.

Mtambo alikuwa Oldřich.
Mtu wa tanuru, mabega kama mlango wa ghala,
waliyemchagua kwa kuwa suti ilimwenea:
turubai, bati la mikebe, gundi ya mifupa
inayonuka kama kwato motoni.
Taa nane juu yake. Saa sita mezani, hakunung'unika.
Na pale mtoto anapougusa uso wa bati
na kusema, "Nirudishie wangu tu,"
tone likachungulia kwenye tundu la jicho,
likateleza,
likakwama kidevuni.

Lilikuwa jasho.

Tangu hapo watu wameandika, wameandika!
Profesa wa Brno anasema ni huruma ya chuma.
Mwenzake anasema ni dola linajililia,
na wenye dola walihisi hivyo hivyo, maana
filamu ilikaa kabatini miaka mitano, kufuli mbili.
Msichana wa Osaka alinitumia picha ya mkono wake:
amelichanja tone lile pembeni ya mshipa.
Siwacheki. Jasho na chozi wamenyonya chumvi moja.

Oldřich alirudi tanuruni Jumatatu.
Filamu ilipofunguliwa tulikwenda mara nne,
na mara zote nne, akitoka zamu ya usiku,
alisinzia begani mwangu kabla ya jicho.
Hakuwahi kujiona akilia.
Mapafu yalimtoa themanini na moja.

Sasa sikiliza huko juu. Hizo ni nyayo za Radovan.
Saa tisa za usiku huamka kumjibu mwajiri
aliye bara ambako jua limeshapanda.
Ana saa ya mkononi inayompimia usingizi;
asubuhi humwambia kwa tarakimu amelala kiasi gani,
naye hunisomea kwenye ngazi
kama mtu anayesoma risiti.
Ile filamu hajaiona. Anasema ni ndefu.

Glavu moja ninayo, kwenye kabati la mashuka.
Ukiinusa bado ni kwato.

Basi andika kwamba lilikuwa jasho.
Na kama karatasi inabaki, ongeza:
fundi wa nguo alikuwa na leso mkononi,
alikwisha piga hatua mbili kwenda kulifuta,
na mwongozaji, bila kugeuka,
akamkamata kifundo.