Kitabu cha Nne

Kwenye runinga, kila Jumamosi, anashindwa.
Bwana Kutu: meno ya bati, kicheko cha breki.
Anatafuna reli, anapigwa, tunashangilia
sebuleni kwa mama Nyamizi, Isevya,
mpaka umeme ukatike.

Lakini vitabu vyake vya picha ni vinne,
vya kwake peke yake, shujaa hayumo.
Mihayo alivipata stesheni, vinanata
asali iliyovuja kwenye behewa.

Cha kwanza: kumbe ana mama.
Cha pili: fundi wa karakana, mikono safi,
anapiga mluzi akikaza nati.
Cha tatu wanampa barua. Ukurasa mzima
ni bahasha tu, na alama ya dole gumba lenye grisi.

Baba aliniomba nirudie hapo.
Yake iko chini ya godoro,
imekunjwa mara nne.

Na cha nne? Mihayo anasema treni imelala Itigi.
Mwenye duka anasema hakikuchapwa.

Jumamosi Bwana Kutu akapigwa tena,
akaporomoka darajani, vipande vipande.
Wenzangu wakaruka juu ya mkeka.
Mimi nilisogea karibu na kioo,
nikitafuta kwenye vumbi lile jekundu
mikono.