Kidaka cha Irja

Bega la kulia la Irja limekataa kupanda tangu Novemba.
Daktari analiita kwa jina refu la Kilatini;
mwenyewe analiita mlango wa banda, bawaba imekula kutu.
Kwa hiyo nilimwomba aingie bafuni na nguo zake zote,
asimame pale ambapo maji yangemwangukia,
afumbe macho, anyooshe mkono
kama mtu anayetafuta sabuni huku povu limemjaa usoni.
Mkono ulipokoma, nikatia alama ya penseli.
Hapo, nikasema.
Akafumbua jicho moja: Hapo kuna ukuta.

Si ukuta wa kaskazini. Ule unatazamana na Ziwa Superior,
na Januari vichwa vya misumari huota barafu kwa ndani.
Ukiuchimba ule umemkaribisha mgeni asiyejua kuaga.
Ni huu wa kati, uliopakana na kabati la mashuka:
nguzo hadi nguzo, inchi kumi na nne na nusu.
Chupa yake ya shampuu, ile kubwa ya bei ya jumla,
kumi na moja kwenda juu.
Kigae, tatu kwa sita.
Nikachora nyuma ya bili ya umeme, nikafuta, nikachora,
maana vigae havina habari na bega la mtu.
Vinataka ungio likutane na ungio,
na alama yangu iliangukia kigae katikati.
Nipandishe inchi mbili tu, kazi itoke safi?
Kahawa ikapoa nikiwa bado nimeinamia swali hilo.
Asubuhi nikaanza kupanga bafu zima kutoka kwenye ile alama,
safu moja juu, safu moja chini,
vipande vilivyokatwa vikaenda kujificha sakafuni
ambako hakuna anayeangalia ila mimi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kwanza nilibomoa plasta.

Kuta zina masikio, tumesikia. Huu ulikuwa na tumbo.
Chini kabisa, kati ya nguzo mbili,
lundo la nyembe, nyekundu kwa kutu, limeshikana kama masega.
Kabla hatujahamisha sinki, kabati la dawa la baba yake lilikuwa hapa,
na nyuma yake tundu jembamba kama mdomo wa sanduku la barua.
Eemeli aliamini sauna. Bafu alilijengea wageni, na kidevu chake.
Miaka thelathini na moja kwenye maghala ya nafaka,
na kila wembe uliochoka aliupa ukuta,
akidhani, nadhani, kwamba ukuta hauna mwisho.

Zilijaza makopo mawili ya kahawa.
Irja akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa,
akanyanyua mmoja kwa koleo, kwa mkono wa kushoto.
Huu ni wa siku ya harusi yetu, akasema.
Utajuaje?
Sijui. Ila umo.

Sakafu ya kidaka haiwi tambarare.
Huinama kidogo kuelekea nje,
kama mtu anayekubali jambo bila kulisema.
Hapa tu, katika nyumba nzima,
kiputo cha pimamaji kikikaa katikati, fundi amekosea.
Nikapaka rangi ya mpira mara mbili, pembe mara tatu,
nikasubiri ikauke, na kusubiri ndiko kazi yenyewe.
Nikamwaga glasi ya maji. Yakasita, yakashuka.
Kabla sijafunga ukuta Irja alipita na koleo lake,
akadondosha kitu ndani. Sikuuliza.

Jumamosi akaoga.
Nilisimama kwenye ujia nimeshika taulo ambalo hakuliomba.
Maji yalinyesha muda mrefu.
Kisha sauti ndogo, chupa ikirudi juu ya jiwe,
na baada yake hakuna hata tusi moja la Kifini.