Madebe Mawili

Nilikuwa na madebe mawili.
La kununulia, kitako kimetuna kwa nje
kama shavu la mtoto mwenye jino bovu.
La kuuzia, kitako kimebonyea ndani
kwa nyundo ya fundi mmoja wa Uyole
aliyepokea jero yake na hakuuliza kitu.
Uyole hakuna anayeuliza.

Miaka sita.
Viazi vya Isyonje, vya Igoma,
udongo mweusi wa mlimani bado umeviganda,
vikaingia debe hili, vikatokea lile,
na hapo katikati, penye bati lililopinda,
nikasomesha, nikaezeka,
nikatoa fungu la kumi bila kuruka mwezi.
Mhasibu wa kanisa aliliandika jina langu
kwa mwandiko mzuri.

Jumatano ile jumuiya ilikuwa kwangu.
Ukungu umeshuka mpaka kizingitini,
jiko la mkaa katikati ya miguu yetu,
na zamu ya kusoma ikamwangukia Tumpale,
mtoto wa darasa la tano
anayesoma kwa kidole, neno kwa neno,
hata zile sheria za Musa ambazo sisi wakubwa huzirukia:
habari za mawe ya kupimia,
zito na jepesi, ndani ya mfuko mmoja.
Akanyanyua macho.
"Jiwe la kupimia ndiyo nini?"

Mzee Ambokile akakohoa, akasema ni mambo ya kale.
Mimi nikasimama kuongeza chai
kwenye vikombe vilivyojaa.

Usiku mvua ikapiga bati:
debe, debe, debe, debe.

Alfajiri nikachukua nyundo.
Kunyoosha bati si kama kulipinda.
Bati lina kumbukumbu.
Unagonga, linarudi. Unagonga, linakucheka.
Jirani akachungulia juu ya ua:
"Mama Lusajo, unajenga?"
"Nabomoa," nikamjibu,
na sikuwa na utani.

Sikujua, mwenzangu wa biashara, alipoona faida ya wiki
akaimwaga mezani sarafu kwa sarafu.
"Haya. Sasa utakula Biblia?"
Tulikula ugali na kabichi,
kabichi na ugali,
Lusajo akanuna, ada ikachelewa,
na hakuna malaika aliyepita na bahasha.

Zakayo alirudisha mara nne.
Mimi nilipiga hesabu, nikafuta, nikapiga tena,
nikafika mara moja na nusu
na kumwomba Mungu anisamehe hesabu.
Nikapanda Isyonje, kwa mjane Tupokigwe,
pesa nimezifunga kwenye pindo la kitenge.

Nilimwambia yote, nimesimama.
Alikuwa anamenya. Hakuacha kumenya.
"Nilijua," akasema.
"Na wewe, mwanangu,
ule udongo kwenye viazi vyangu,
ulidhani ulivishika wenyewe?
Nilikuwa nachimba kabla ya umande kukauka,
kusudi."

Tukacheka mpaka kuku akahama.
Kisha kicheko kikaisha, sote wawili kwa pamoja,
tukabaki kutazama maganda.

Pesa alizipokea.
Akazihesabu mara mbili mbele yangu,
na nilistahili.
Halafu akavuta gunia la mavuno ya jana,
tukalikokota hadi kijitoni,
tukaoshea viazi kwenye maji ya Juni,
yale yanayouma mpaka kwenye kiwiko,
kiazi kimoja kimoja,
vikitoka vyeupe kama visigino vya mtoto.
Hatukuomba. Hatukuimba.
Alisema tu, "Hicho bado, kigeuze."

Jumapili mchungaji akauliza nani ana ushuhuda.
Vidole vyangu vilikuwa bado na ganzi.
Nikaviweka mapajani, nikakaa.

Debe lina kovu kitakoni, halijanyooka sawasawa.
Kila ninapopima huongeza viazi viwili juu,
maana sijui kovu lile limeegemea upande gani.